Kabla Hujauliza Sekunde

Funga lango nyuma yako, bwana Tuohy.
Na hiyo saa ya kupimia itie mfukoni.
Hapa Kilfeakle asubuhi ya leo hakuna anayeshindana
ila mvua na bati.

Najua umetoka Limerick kwa ajili ya neno moja.
Baba yangu naye alilipenda,
kama mlevi apendavyo glasi ya mwisho:
kasi.
Akaoza mjukuu kwa babu, akaoza dada kwa kaka,
mpaka damu yenyewe ikaoza,
na kabla haijaoza kabisa ikatupa Fiach, mweusi tii.

Fiach hakukimbia, bwana.
Ardhi ndiyo iliyovutwa chini yake kama zulia.
Thurles, kona ya kwanza, Jumamosi yake ya tatu,
tulisikia tawi kavu likivunjika.
Hapakuwa na mti.

Sungura wa kitambaa akaendelea kuzunguka, hana habari.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, tunaambiwa;
Fiach hata ukingo hakuuona.
Baba alirudi na ukosi mtupu,
akautundika kwenye msumari ule pale.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Haujashushwa.

Daftari hili sasa ni langu.
Safu ya sekunde imo, usihofu,
ya mwisho, nyembamba, kwa penseli.
Kwanza naandika vidole:
vimekaza kama ngumi au vimetawanyika kama vya bata?
Kisha bega, linavyolala. Kisha unene wa mfupa chini ya goti.
Kisha kifua, kama kina nafasi ya moyo mkubwa.
Na moyo wenyewe?
Moyo naupima kwa mwavuli.

Naufungua ghafla, pwaa!, mbele ya watoto wa wiki saba.
Anayetimua, sawa, ana akili.
Mimi namngoja anayerudi kuunusa.
Huyo namwekea nyota.

Mama yao ndiye yule kwenye majani makavu, Dymphna.
Ameshinda mara nne tu, zote kwa mvua,
zote akitokea nyuma. Wanaume wa mnadani wanamcheka.
Lakini amekimbia misimu mitatu bila bandeji,
anakula hata safarini,
na mwaka juzi mtoto wa akina Looby aliingia na baiskeli
katikati ya uwanja wangu wa mazoezi, akaanguka,
Dymphna akija mbio zote.
Sikupata hata muda wa kupiga kelele.
Alimkwepa kwa upana wa kiganja,
akaenda mbele, akasimama, akarudi,
akamlamba goti.
Hilo nimeliandika kwa wino.

Dume nilimfuata mpaka Kerry.
Sikuomba kumwona akikimbia.
Niliomba kumwona akila,
akiwa amechoka, akishikwa masikio na mgeni.
Mwenyewe akaniona nimerukwa na akili,
akanipunguzia bei.

Maana hesabu yangu ni hii, nisahihishe:
mbwa wa mbio hukimbia miaka mitatu.
Akijaliwa, huishi kumi na miwili.
Hiyo tisa iliyobaki, bwana Tuohy,
ni ya nani?
Kuna mtu atafungua mlango wa nyumba yake,
amwonyeshe ngazi ambazo hajawahi kuziona,
mashine ya kufagia, paka, kioo.
Mtu huyo hajazaliwa kwenye daftari la baba.
Mimi namzalishia yeye pia.

Haya, uliza.
Mama yao: ishirini na tisa kasorobo.
Umeshaipata.
Sasa mbona umesimama kwa mguu mmoja kama korongo?

Aa.
Yule wa kijivu, mwenye nyota mbili,
amelala juu ya kiatu chako.

Usimsogeze.
Nakuletea chai hapo hapo ulipo.
Bei tutaizungumza akiamka.